Mabango ya haki za kiraia: ayaeleze mtu, mashine, au wote wawili?

Binamu yangu anafundisha historia sekondari, na haoni. Simu yake inamsomea kwa sauti kila kilichomo kwenye kioo. Ikifika kwenye picha, inasoma maelezo ambayo mwenye picha ameyaambatisha. Kama hakuambatisha chochote, inasema "picha" na kuendelea na safari yake. Alipokuwa akiandaa vipindi kuhusu harakati za haki za kiraia za Wamarekani weusi, aliniomba nimwelezee mabango ya miaka ile kwa Kiswahili, ayafundishe kama wenzake wanaoyaona. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Ikawa ya wiki kadhaa, na humo nilijaribu kila njia niliyoijua, zikiwamo programu za akili mnemba ambazo unazipa picha na zenyewe zinakueleza kilichomo.

Ninayoyaandika hapa ni ya yeyote mwenye rundo la mabango ya kihistoria mbele yake, awe mkutubi, mwalimu, mtunza nyaraka au mtu aliyerithi boksi la makaratasi ya mzazi wake, na anajiuliza kazi hii aifanye kwa mkono au aikabidhi kwa mashine.

Njia zilizopo

Nimekutana na njia nne. Ya kwanza ni ya zamani: mtu anakaa na bango, anasoma historia yake, anaandika. Ya pili ni kuipa programu picha na kuchapisha inachorudisha. Ya tatu, programu inaandika rasimu halafu mtu anaipitia na kuirekebisha. Ya nne ni hiyo ya tatu iliyogeuzwa: mtu anaangalia bango kwanza, anaandika anachokiona na anachokijua, anaipa programu picha pamoja na maandishi hayo, kisha anakagua kinachorudi. Kwa mtu ambaye hajazijaribu, ya tatu na ya nne ni pacha. Nilipoanza nami nilidhani hivyo.

Zipo pia programu zinazosoma maandishi tu yaliyo kwenye picha, kama Tesseract, ambayo ni ya bure na unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako bila intaneti. Kwa kipeperushi chenye aya nyingi zilizochapwa vizuri zinatosha. Kwa bango lenye sura za watu hazikusaidii, kwa hiyo naziacha hapo.

Maneno manne ya Memphis

Tarehe 1 Februari 1968, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya gari la taka. Mtambo wa kushindilia taka ukajiwasha ukawaua. Tarehe 12 wenzao wapatao 1,300, karibu wote weusi, waligoma. Bango walilolibeba halikuwa na picha. Lilikuwa na maneno manne tu, I AM A MAN, na neno AM limepigiwa mstari. Lilichapwa kwenye kanisa la Clayborn Temple, lililokuwa makao ya mgomo. Katika picha maarufu iliyopigwa na Ernest Withers tarehe 28 Machi, wanaume wamejipanga nje ya kanisa hilo, kila mmoja na bango lake, maneno yaleyale yakijirudia kifua baada ya kifua hadi ukingo wa picha. Wiki moja baadaye, tarehe 4 Aprili, Martin Luther King, aliyekuwa amekuja kuwaunga mkono, aliuawa kwa risasi kwenye hoteli ya Lorraine mjini humohumo. Mgomo ulimalizika kwa makubaliano tarehe 16.

Ukiipa programu bango hili bila maneno ya ziada, jibu huwa la namna hii:

"Bango jeupe lenye maandishi ya herufi kubwa yanayosema 'I AM A MAN'. Neno 'AM' limepigiwa mstari. Hakuna picha wala mapambo."

Hapo mashine haijakosea kitu. Imesoma herufi, imeuona mstari, na imetumia sekunde chache. Kwa hifadhi yenye mabango elfu yasiyo na maelezo yoyote, hilo si jambo la kubeza hata kidogo, maana msomaji asiyeona sasa anajua bango linasema nini, na jana hakujua. Lakini nilipomsomea binamu yangu, alinyamaza kidogo akasema, "Sawa, dada. Sasa mtu mzima anahangaikaje kuandika kwamba yeye ni mwanamume?"

Swali lake ndilo bango lenyewe. Kusini mwa Marekani mzungu aliweza kumwita mwanamume mweusi wa miaka sitini "boy", mtoto wa kiume, na aliyeitwa hivyo alitakiwa kuitika. Sisi hatuhitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu neno hilohilo liliingia Kiswahili enzi za ukoloni likawa "boi", mtumishi wa nyumbani, hata akiwa mzee mwenye wajukuu. Wazoa taka wa Memphis walikuwa wanalijibu neno hilo. Na jibu lao lina ukoo mrefu. Mwaka 1787 huko Uingereza, mfinyanzi Josiah Wedgwood alitoa medali ya wapinga utumwa yenye mtu mweusi aliyepiga magoti akiwa na minyororo, na maneno yanayouliza kama yeye si mtu na ndugu. Miaka 181 baadaye swali limegeuka tamko, na wanaolitoa wamesimama kwa miguu yao.

Nikajaribu tafsiri. Programu moja ilinipa "Mimi ni mwanaume". Nyingine ikanipa "Mimi ni mtu". Ukiyasoma haraka utaona yote mawili yanafaa. Lakini la kwanza, likiachwa peke yake, linataja jinsia tu, kama fomu ya hospitali. La pili linaokoa utu na kupoteza tusi lililokuwa likijibiwa, maana mtoto naye ni mtu. Nilifikiria "Mimi ni binadamu", nikaliacha kwa sababu hiyohiyo. Mwishowe niliyabakiza maneno ya Kiingereza kama yalivyo, nikayafuatisha na "Mimi ni mwanamume", kisha sentensi moja kuhusu "boy" na "boi". Hiyo sentensi ndiyo iliyomfungulia binamu yangu bango zima.

Baadaye niliirudia programu ileile nikaiuliza waziwazi: maneno haya yalikuwa yakijibu tusi gani? Ikanieleza vizuri kabisa, Memphis, mgomo, "boy", kila kitu. Kumbe ilikuwa inajua. Haikusema kwa sababu niliiuliza picha ina nini, na picha ilikuwa na maneno manne. Tangu hapo sikuipima tena mashine kwa wingi wa inayoyajua. Naitazama kwa jinsi inavyoulizwa, na anayejua la kuuliza ni mtu aliyeshalitafakari bango.

Kwenye picha ya Withers kuna jambo jingine. Mara nyingi programu huandika "kundi la wanaume wameshika mabango" bila kusema ni weusi. Tahadhari hiyo ina historia yake. Mwaka 2015 programu maarufu ya kupanga picha iliwapachika watu wawili weusi jina la sokwe, na mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kibiashara za kutambua jinsia kwa kuangalia uso zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, huku kosa kwa wanaume weupe halikufika hata asilimia 1. Naielewa sababu ya kunyamaza. Ila ukiondoa rangi kwenye picha hii, umebaki na wanaume waliosimama barabarani. Hapa mtu lazima aandike "weusi", na aandike bila kusitasita.

Kuhusu rangi ya wino, ukiwa na picha nyeusi na nyeupe tu, usikubali "maandishi meusi" ya mashine. Picha hiyo haisemi wino ulikuwa wa rangi gani.

Chui na jogoo

Kaunti ya Lowndes, Alabama, ilikuwa na wakazi weusi wanne katika kila watano. Mwanzoni mwa 1965 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameandikishwa kupiga kura. Wenyeji, wakisaidiwa na vijana wa kamati ya wanafunzi ya SNCC, akiwamo Stokely Carmichael, waliunda chama chao, Lowndes County Freedom Organization. Watu wengi walikuwa wamenyimwa shule, kwa hiyo vyama vya Alabama vilitambulishwa kwa nembo kwenye karatasi ya kura. Chama cha Democratic cha jimbo hilo kilikuwa na jogoo mweupe, na kwa miaka mingi jogoo huyo aliambatana na maneno ya kutukuza utawala wa wazungu. Watu wa Lowndes wakamchagua chui mweusi. Mabango yao ya 1966 yana chui huyo na wito wa kumpigia kura.

Msomaji wa Kiswahili anaielewa picha hii kuliko Wamarekani wengi wa leo. Jogoo wa KANU anafahamika, na wazee wa Tanzania wanakumbuka uchaguzi wa 1965, pale wagombea walipogawiwa jembe na nyumba. Mnyama kwenye karatasi ya kura kwetu si pambo.

Mashine huteleza hapa kwa namna mbili. Ikiwa picha imekatwa na maandishi hayaonekani vizuri, itakueleza habari za mnyama: chui mweusi, mdomo wazi, mandhari nyeupe. Ikiyaona maandishi, inavutwa na umaarufu, na itakuandikia kwamba hii ni nembo ya Black Panther Party, yaani Chama cha Chui Mweusi, cha Oakland, California, wale wa koti la ngozi na bunduki. Chama cha Oakland kilianzishwa Oktoba 1966 na kilimchukua chui huyo kutoka Lowndes. Maelezo ya mashine yanampokonya mkulima wa Alabama chui wake na kumkabidhi kwa mtu wa California aliyekuja baadaye. Mhariri asiyeijua historia hatalishtukia kosa hilo, kwa sababu sentensi ni nzuri na jina ni la kweli.

Mtu peke yake naye si salama. Mimi mwenyewe ningekosea hivyohivyo kama nisingesoma kwanza. Hapa njia zote zinategemea kitu kimoja: je, karatasi inayoambatana na bango, ile inayosema lilitoka wapi na lini, ilisomwa kabla ya mtu yeyote au kitu chochote kuanza kueleza?

Bango linalosema uongo

Si kila bango la wakati ule lilikuwa la wapigania haki. Wapinzani wao nao walichapa, na walichapa sana. Tarehe 2 Septemba 1957 King alihutubia sherehe za miaka 25 ya Highlander Folk School, shule ya watu wazima huko Monteagle, Tennessee, iliyofundisha wafanyakazi na wanaharakati, weusi kwa weupe, katika chumba kimoja. Rosa Parks alikuwa amehudhuria mafunzo hapo kiangazi cha 1955, miezi michache kabla ya kukataa kuinuka kumpisha mzungu kwenye basi. Serikali ya jimbo la Georgia, kupitia tume yake ya elimu, ilimtuma mpiga picha kwenye sherehe hizo. Picha moja, inayomwonyesha King ameketi miongoni mwa wasikilizaji, ilisambazwa Kusini kote. Kufikia 1965, wakati wa maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, Alabama, ilikuwa kwenye mabango makubwa ya barabarani yenye maneno yanayodai kwamba Martin Luther King yuko kwenye shule ya mafunzo ya kikomunisti.

Sasa fikiria njia ya pili, mashine peke yake: "Bango lenye picha ya Martin Luther King akiwa katika shule ya mafunzo ya kikomunisti." Maandishi yamesomwa, mtu ametajwa kwa sababu jina lake limeandikwa. Na binamu yangu, asiyeweza kuona kwamba bango lile limetengenezwa kama tangazo la uchochezi, amepokea tuhuma kama taarifa. Mwenye macho angeweza kushtuka mwenyewe. Asiyeona ana sentensi hiyo tu.

Hili ndilo bango lililonifanya niiondoe njia ya pili kabisa kwenye mkusanyiko wowote wa mapambano ya kisiasa. Dawa yake si ngumu, lakini ni lazima mtu aamue kuitumia: sentensi ya kwanza iseme nani alilitengeneza bango na dhidi ya nani, maneno ya bango yawekwe ndani ya alama za kunukuu, na kitenzi kiwe "linadai", si "linaonyesha". Ukiipa programu kanuni hizo tatu mapema pamoja na asili ya bango, inazifuata vizuri. Bila hizo ni bahati nasibu.

Kanuni ya kunukuu inasaidia pia kwenye maneno ambayo leo hayatamkiki. Bango la FBI la tarehe 29 Juni 1964 linawatafuta vijana watatu wapigania haki waliopotea Mississippi tarehe 21: Andrew Goodman, James Chaney na Michael Schwerner. Wawili weupe, mmoja mweusi, na kwenye safu ya rangi, Chaney ameandikwa "Negro". Neno hilo linabaki, kwenye nukuu, kwa sababu ndivyo serikali ilivyoandika. Kulilainisha ni kuibadilisha hati. Bango hilo mashine inaliweza kuliko yote niliyoyataja, kwa kuwa kila kitu kimechapwa: majina, umri, urefu, vyote. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni kwamba muundo wake ni ule wa mabango ya kusaka wahalifu, picha za uso mstari mmoja na takwimu chini yake, na rasimu yaweza kukuandikia "wanaotafutwa" mahali pa "waliopotea". Miili yao ilipatikana tarehe 4 Agosti, imefukiwa kwenye tuta la bwawa. Usiwaache waitwe watuhumiwa.

Majina na nyuso

Programu nyingi zimewekewa mpaka: hazimtaji mtu kwa kuangalia sura yake. Watunza nyaraka wengine wanaulalamikia mpaka huu. Mimi nauunga mkono. Jina kwenye maelezo litoke kwenye maandishi, iwe maelezo ya mpiga picha au rekodi ya hifadhi, kamwe si kwenye kubahatisha uso. Wengi waliopigwa picha kwenye maandamano hawakuwa viongozi, na kumpa mtu jina la mwingine ni kumfuta mara mbili. Ukilijua jina kwa uhakika, liandike wewe kwenye maelekezo unayoipa mashine.

Muda

Tufanye hesabu ya mezani. Bango moja kwa mkono, likiwa na usomaji wa historia yake, lilinichukua takriban dakika arobaini. Mabango 600 kwa mwendo huo ni saa 400, yaani wiki kumi za kazi ya saa arobaini, bila ugonjwa wala sikukuu. Hakuna maktaba ndogo yenye mtu huyo wa ziada. Mashine peke yake ingeyamaliza yote kabla ya chakula cha mchana. Njia ya nne, kwangu, ilishuka hadi kama dakika kumi na tano kwa bango, na nyingi kati ya hizo ni za kusoma asili yake, si za kuandika.

Wanaofanya kazi kwenye taasisi za umma za Marekani wana msukumo mwingine. Aprili 2024 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilitoa kanuni inayozitaka taasisi za majimbo na serikali za mitaa zifanye tovuti zao zifikike na watu wenye ulemavu kwa kiwango cha WCAG 2.1 AA, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika, na kiwango hicho kinadai picha ziwe na maelezo. Naona jinsi msukumo huo unavyoweza kumpeleka mtu kwenye njia ya pili, ajaze nafasi iliyo wazi na aseme ametimiza. Nafasi imejazwa, kweli. Ila bango la Highlander limo humo.

Kuhusu fedha sina mengi. Huduma nyingi zina kiwango cha bure kinachotosha mabango machache. Angalia tu masharti kabla ya kupandisha picha za watu wengine, maana mabango ya miaka ya 1960 mara nyingi bado yana wenye haki, na baadhi ya wasanii na wapiga picha wake wameishi hadi karne hii. Kama hilo linakutia wasiwasi, zipo programu unazoweza kuziendesha kwenye kompyuta yako bila picha kutoka nje.

Rasimu kwanza, au mtu kwanza?

Nilianza na njia ya tatu, kama wengi. Inaonekana ya busara: mashine ifanye kazi ya punda, mtu aweke nakshi. Nikaendelea nayo kwa mabango kumi na kitu, hadi nilipofika kwenye bango la SNCC linalotumia picha iliyopigwa na Danny Lyon mwaka 1962, lenye maneno yanayowaita watu waje wajenge pamoja dunia mpya. Rasimu ilisema vijana watatu weusi "wamechuchumaa" barabarani, vichwa vimeinama. Nikabadilisha mpangilio wa maneno, nikaongeza mwaka, nikasahihisha tahajia, nikaituma. Binamu yangu akapiga simu: "Hawa wanasubiri nini?"

Hawakuwa wanasubiri. Walikuwa wanasali. Ni Cairo, mji wa Illinois, mbele ya bwawa la kuogelea la wazungu tu, na wa kushoto ni John Lewis, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa mwenyekiti wa SNCC na baadaye akawa mbunge kwa zaidi ya miaka thelathini. (Mwaka 1964 alikuja Afrika na ujumbe wa SNCC, na Nairobi wakakutana na Malcolm X.) Picha nilikuwa nayo mbele yangu. Mikono, vichwa, magoti, vyote nilikuwa naviona. Lakini nilikuwa nimeshasoma "wamechuchumaa", na jicho langu lilikuwa linakagua sentensi badala ya kuangalia picha. Niliaibika, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na macho katika mazungumzo yale.

Kwa hiyo nikageuza utaratibu. Sasa nalifungua bango bila kuifungua programu. Naandika mistari mitano au sita ovyoovyo: naona nini, nani alilitoa, lini, dhidi ya nani, maneno yake yanajibu nini, na jambo gani sina uhakika nalo. Ndipo naipa programu picha na mistari hiyo, naiomba iandike maelezo mafupi ya sentensi mbili kwa anayepita haraka, na marefu kwa anayetaka kukaa na bango. Naiomba pia initajie kitu chochote inachokiona ambacho mimi sikukitaja. Ombi hilo la mwisho limenilipa mara nyingi. Imewahi kunionyesha jina la mchapishaji kwa herufi ndogo chini kabisa, na nembo ya chama cha wafanyakazi pembeni ambayo nilikuwa nimeipita kama doa. Kwenye vitu vidogo jicho lake halichoki. Langu linachoka.

Halafu namsomea mtu asiyeona. Hatua hii haimo kwenye njia zote nne kama watu wanavyozieleza, na ningeiweka mbele ya kuchagua programu. Maswali mawili ya binamu yangu yalinifundisha zaidi ya miongozo yote niliyoisoma.

Uchague ipi

Kama una mabango machache, chini ya thelathini hivi, na unaipenda historia hii, andika mwenyewe na uitumie mashine kukagua herufi ndogo tu. Utayajua mabango yako kama unavyowajua jirani zako.

Kama una mamia, chukua njia ya nne, na uyatenge mapema mabango ya uchochezi, ya wapinzani na yale yasiyo na rekodi ya asili. Hayo yasiguswe na mashine mpaka mtu anayejua aandike sentensi ya kwanza.

Kama una maelfu na mtu mmoja, tumia mashine kusoma maandishi ya bango pekee, neno kwa neno, uyachapishe kama nukuu bila kueleza maana, na uandike wazi kwamba yamesomwa na programu na hayajapitiwa. Msomaji asiyeona ana haki ya kujua anayezungumza naye ni nani. Kisha yapandishe daraja moja moja, ukianza na yale wanafunzi na walimu wanayoyaomba zaidi.

Na kama unaandika kwa Kiswahili, tafsiri ya maneno ya bango ifanye wewe, kwa mkono, hata pale ambapo mengine yote umeyakabidhi kwa mashine.

Haya ndiyo maelezo ya bango la Memphis kama yalivyo sasa kwenye simu ya binamu yangu. Mistari ya mwanzo ni yangu, programu iliyapanga, nikayakagua, naye akayakubali:

"Bango la mkononi la wazoa taka weusi waliogoma Memphis, Marekani, mwaka 1968, baada ya wenzao wawili kuuawa na mtambo wa gari la taka. Halina picha. Maneno manne ya Kiingereza yamelijaza kutoka juu hadi chini: 'I AM A MAN', mimi ni mwanamume. Yanawajibu wazungu waliowaita wanaume weusi 'boy', neno ambalo kwetu lilikuja kuwa 'boi'. Neno 'AM', ni, limepigiwa mstari."